Mlinganyo wa Warigia

Kiwanjani, Isiolo
12 Agosti 2019

Kwako Warigia,

Habari ya Garbatulla na wanafunzi wako? Huku mvua imekataa, na pale dukani mama yako bado ananiuzia sukari bila kunitazama.

Jana nilifungua ile kompyuta yetu ya zamani. Mlinganyo wako wa mawimbi ulikuwa bado mle, ule uliouhangaikia kwa mkono miaka miwili, ukishikilia kwamba unatatulika kikamilifu. Nilikuahidi programu ya aljebra itaamua. Kesho yake nikakuambia imekataa, kwamba hautatuliki.

Haikukataa. Stima ilipotea katikati ya hesabu, nami sikuirudia. Nilitaka uchoke na mawimbi, tuoane. Badala yake ulichoma madaftari kwenye jiko la mama, ukaacha chuo, na mimi pia ukaniacha.

Jana niliirudia. Nikabandika chai, na kabla haijachemka jibu likaja: unatatulika. Hatua ya mwisho ni ileile uliyowahi kunionyesha kwa penseli.

Nimeichapa hesabu yote, imo ndani ya bahasha hii. Juu nimeandika jina lako peke yake. Usinijibu mimi, waandikie chuo.

Aliyekataa ni mimi,
Ekiru