Bega la Ildefonsi

Bweranyange, Karagwe
11 Juni 1989

Kaka yangu Protase,

Shikamoo. Hujambo hapo Muleba, wewe na wifi na watoto? Kikohozi chako kimepungua? Sisi huku tunapumua, ila roho yangu haijatulia tangu nikutumie salamu uje Jumapili unichukue.

Unakumbuka shemeji yako Ildefonsi alivyoanguka kutoka kwenye lori la kahawa, mapadre wakamsaidia akaenda Nairobi kuwekewa bega la chuma. Alirudi mkono ukifika sikioni. Baada ya miezi michache ukaanza kugoma. Mimi nikasema, huyu kachoka kupalilia migomba, anatafuta kisingizio. Nikamtega. Tumbaku yake nikaipandisha juu ya kabati, kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, nikakitundika kwenye boriti. Hakuvigusa. Akaanza kutoweka kila jioni, akirudi ananukia samli. Nikamfuatilia mpaka mlangoni kwa Laurensia, yule mjane anayekanda wanawake waliojifungua. Mume wangu kajifungua lini? Ndipo nikakutumia salamu ile.

Juzi mkono ulivimba, nikampeleka hospitali, nimenuna njia nzima. Daktari akatuonyesha picha: mfupa mpya umeota ndani ya nyama, kandokando ya chuma, umeubana mkono. Nikamuuliza kama wa Nairobi walisahau kipande humo. Akasema hapana, miili ya wengine hufanya hivyo baada ya upasuaji. Kisha akauliza ni nani anayeuvuta mkono huu, maana kuukanda kwa nguvu huenda kunauchochea mfupa. Ildefonsi akainamisha kichwa.

Kaka, kumbe alikuwa anakwenda kuvutwa! Alisema kila nilipopandisha kitu alimwomba Laurensia avute zaidi, ili akifikie kabla sijamdharau. Aliona haya watu wajue kwamba mwanamume anakandwa na mkandaji wa wazazi. Nililia pale pale mbele ya daktari, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Daktari anataka mfupa ukomae kwanza, ukatwe labda mwakani. Kwa nini mwakani? Simwamini sana, na Laurensia naye bado namtazama. Lakini usije kunichukua. Njoo unywe rubisi.

Mkono wake unaishia usawa wa kifua. Vitu vyote vya nyumba hii sasa vinakaa hapo au chini.

Msalimu sana wifi, na kitanda alichonitandikia awarudishie watoto.

Mdogo wako,
Adelgunda