Minazi ya Tetu

Jumanne.

Minazi ikiyumba ufuoni. Hivyo ndivyo darasa zima hapa Tetu, watoto wa baridi na mashamba ya chai, walivyoeleza nyumbani kwao kwenye insha ya leo.

Kumbe ni Gathoni, rafiki yangu ninayefundisha naye Kiswahili, aliyewakaririsha mwanzo huo bila kuniambia. Na mimi muhula mzima nawahimiza waandike wanachokiona.

Wambui ndiye ameniuma zaidi. Juzijuzi alieleza vidole vya mamake vilivyoingia weusi kwa kuchuma chai, nikasoma mara tatu. Leo, minazi. Nikamwuliza kwa nini.

"Lakini Mwalimu, ile ya mama ulinipa kumi na moja kwa ishirini. Mwalimu Gathoni alisema hii iko na maksi."

Nimefungua daftari lake sasa hivi. Kumi na moja, kwa kalamu yangu nyekundu.