Kistari cha Novemba

Rafiki yangu Osmund,

Tangu tukuzike pale Ruhuwiko, ofisi ya maji imepoa. Wamepunguza watu, na juu ya meza yako wameweka taipureta mbovu. Nimebaki peke yangu na zile modeli zetu mbili, yaani hesabu za kukadiria maji ya mto kila mwezi. Hasira ninazo, wewe unanijua.

Unakumbuka tulivyobishana? Yangu ilitazama mvua na jua, basi. Yako iliuliza pia udongo umebakiza maji kiasi gani. Wakati wa masika zote zilikwenda sawa na mto. Ikifika Novemba, yangu inasema maji yapo, yako inasema hakuna kitu. "Wewe unapenda mto wa kwenye karatasi," ulinitania, huku unamaliza muhogo wangu.

Kumbe tatizo lilikuwa kistari. Maji yakishuka chini ya ubao wa kupimia, msomaji wetu wa kipimo kule Madaba alichora kistari daftarini badala ya namba, maana yake vimebaki vidimbwi. Mkubwa wetu akadhani siku hiyo hakwenda kusoma, akaagiza pajazwe wastani. Basi ukame wote ukajazwa maji kwa kalamu, na modeli yangu ikajifunza humo. Wewe ndiye uliyegundua. Ulipomwambia, akakujibu usilete siasa. Halafu homa ikakulaza, hukuamka tena.

Sasa sikia. Kuna matajiri walionunua shamba la serikali kule juu ya mto, wakaomba kuvuta maji yake mwaka mzima. Mkubwa akachagua modeli yangu. Nilimpinga mbele ya watu, nikakataa kutia saini kwenye ripoti. Pampu zikawashwa hivyo hivyo. Juzi nilikwenda kumjulia hali mama yako, nikamkuta mtoni amepiga magoti, anachimba mchanga apate ndoo moja. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Niliumia, Osmund. Nililia njia nzima.

Na bado. Wanakijiji wamelalamika, kwa hiyo Jumatatu ripoti hiyo itabandikwa ofisi ya kijiji. Nimeiona. Pale nilipokataa kusaini wameandika jina lako, kwamba ndiwe uliyethibitisha maji yanatosha. Wamejua marehemu hawezi kubisha.

Wanasema atakayeleta maneno ndiye atakayefuata kupunguzwa. Wanipunguze tu. Mama yako anajua kusoma.

Pumzika, ndugu yangu. Jumatatu nitatangulia mimi kufika pale, na jina lako nitalichana kabla mama hajalisoma.