Unga wa Wimbi Uliokuja Mapema

Eldoret, Jumamosi, 1984

Barasa na mdomo wake! Nilimwambia mume wangu siku zangu zimechelewa, tunyamaze kwanza. Yeye akapeleka habari moja kwa moja kwa mama yake. Leo asubuhi damu imekuja, na mchana mama mkwe akashuka kutoka Burnt Forest na gunia la unga wa wimbi, eti uji wa mzazi.

Duka la nguo nimelijenga kwa mikono yangu, lakini kumwambia mama yule kwamba hakuna kitu kulinishinda. Nikalia mbele yake. Nimeudhika na hayo machozi.

"Pole, mwanangu. Basi uji tutakunywa sisi," akasema, akaweka sufuria jikoni. "Daktari anasemaje?"

"Mimi nimeenda mara nne, Mama. Anataka amwone Barasa pia, lakini Barasa hataki."

"Mimi ni mzima!" Barasa akadakia kutoka mlangoni.

"Nani amekupima?" mama yake akamuuliza. "Jumatatu utaenda na mkeo."

"Sawa, Mama."

Sawa, Mama! Miaka mitatu nimembembeleza, nimegomba, nimenuna... Kama ningejua, ningemwita huyu mama zamani.

Bado naogopa daktari atasema nini. Lakini Jumatatu sitakaa kwenye lile benchi la hospitali peke yangu.