Mugongo na Picha Yake

Mutaa wa Kenya, Lubumbashi, 9 Machi 2025

Kwako Guelor, mujukuu wangu na bwana yangu mudogo,

Jua imenikuta ningali na pumzi, na wewe nakutakia hivyo hivyo. Unakula? Ile sura ya ku foto ni ya muntu wa kula mikate tu. Hapa bantu bote bazima, isipokuwa mimi. Miguu inawaka kama iko mu mbabula ya moto, kisha inakuwa baridi, hata sijui kama ni yangu. Germaine, muke ya baba yako mudogo, ananibeba mpaka ku choo. Mimi Chama, niliyebeba makala ya kupikia ku kichwa toka Kasapa. Nimechoka, mujukuu. Hata kukasirika kunanichosha.

Unasema mashini itanipasua mugongo huko Afrika ya Kusini unakotumika kazi. Ikikosea, nitagombana na chuma? Na eti nilale kifudifudi mbele ya wanaume. Kwetu mukubwa analala tumbo chini siku ya kufiwa tu. Nimekataa. Germaine atapiga barua hii picha akutumie, sababu mu telefone sikio yangu haisikie.

Kambo yako, Chama

Johannesburg, 16 Machi 2025

Kambo, bibi yangu mukali,

Nimesoma matusi yote, nikajua kichwa kingali kizima. Mimi niko salama. Nakula, ingawa bukari ya unga wa huku haina mukono wako.

Mashini haimuamuru muntu. Ni mukono wa chuma unaoshika njia bila kutetemeka; anayepasua ni munganga wa hospitali. Anavaa miwani, na kupitia miwani ile anaona mifupa yako juu ya ngozi, kama vile ukuta ungeonyesha mabomba yaliyo ndani. Mifupa hiyo inatoka ku picha ulizopigwa Lubumbashi mwezi jana. Juu yake tumekwisha kupanga kila skrubu ya kushika mifupa ipite wapi. Kazi yangu ni kukaa karibu na mashini na kuhakikisha picha na mugongo ni kitu kimoja.

Aibu achana nayo. Mujukuu anaruhusiwa kumwogesha kambo yake. Hesabu kwamba nakuogesha. Mufupa wa mugongo unabana mishipa ya miguu; bila operasio, miguu haitarudi. Nafasi yako ni tarehe 12 Mei.

Bwana yako mudogo, Guelor

Kenya, 4 Mei 2025

Kwako Guelor,

Salamu. Kimya changu umekiita kiburi, najua. Ni kiburi.

Nakuja. Usifurahi sana. Nilianguka ku mulango wa choo, Germaine akashindwa kuniinua, akalia. Siyo mimi niliyelia, ni yeye. Hiyo ndiyo imenishinda.

Lakini siji bure kama muvivu. Kabla mwili haujapelekwa kwa wageni, ba kwetu banaushika kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Juma hii nilipelekwa Kambove kwa Albertine, yule anayevuta mifupa ya wachimbaji waliofunikwa na udongo. Akanilaza, akaweka goti ku kiuno, akavuta mabega. Mufupa ukalia kwaa, Germaine alisikia toka inje. Usiku ule nililala kama mutoto. Sasa mugongo umetayarishwa, mashini yenu itapata kazi kidogo. Munganga akitaka kunishukuru, asisumbuke.

Kambo yako, Chama

Johannesburg, 4 Mei, jioni

Kambo,

Salamu nitazileta baadaye. Usipande ndege. Asikuguse muntu tena, hata Albertine, hata kwa mafuta. Kesho asubuhi Germaine akupeleke ukapigwe picha upya. Vidole vya miguu unaweza kuvisogeza? Nijibu hilo tu.

Mujukuu wako, Guelor

Kenya, 5 Mei

Vya kuume vinasogea. Vya kushoto navitazama tu.

Kambo

Johannesburg, 21 Mei 2025

Kambo wangu,

Natumaini unalala. Mimi silali sana.

Picha mpya zimefika. Mufupa umeteleza, unabana mishipa kuliko zamani. Tungekufungua tukakuta njia tuliyoipanga haifuati tena mufupa. Tumeanza kupanga upya. Nafasi yako imepewa mugonjwa mwingine. Yako sasa ni Agosti. Munganga anasema muguu wa kuume tunaweza kuuokoa. Wa kushoto hataki kuahidi.

Niandikie, hata matusi.

Mujukuu wako, Guelor

Kenya, 20 Julai 2025

Kwako Guelor, bwana yangu mudogo,

Uko muzima? Mimi niko vile vile. Nimekawia sababu hasira ilikuwa inatafuta muntu wa kumukalia, haikumupata. Albertine alitoka Kambove na kuku, akasimama ku mulango analia. Nikamwambia anyamaze: aliyevuta ni yeye, aliyejilaza ni mimi. Tukapika kuku, tukala.

Toka picha ile ya pili, hakuna aliyenigusa mugongo. Germaine ananimwagia maji na kopo, yanajipitia yenyewe. Kila muchana nalala kifudifudi ku mukeka, naizoea aibu. Majirani walidhani kuna kilio, wakaja kuuliza nani amekufa. Nikawaambia ni muguu wa kushoto. Walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Tutaonana mwezi ujao. Nakujua, utakimbia kunikumbatia palepale ku ndege, mbele ya bantu. Usijaribu. Nishike mukono tu, wa kuume, polepole. Mugongo huu nimeulinda ukae vile uko ku picha. Kunikumbatia, utanikumbatia operasio ikikwisha.

Kambo yako, Chama