Fulana Isiyolia

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mtoto. Mimi mwili ni mzima ila chakula hakipiti. Nimefanya kosa ambalo sijamwambia mtu yeyote: fulana anayojivunia Mama haina betri, na aliyeitoa ni mimi.

Tangu nimalize shule nina kibarua cha kuwauliza watu wanaonaje nguo mpya, fulana ya kupima moyo. Kitambaa chake kimefumwa kwa uzi unaopitisha umeme, mwembamba kama unywele, na kwenye pindo kuna kidude kama kifungo chenye betri. Moyo ukienda mbio, kinalia. Namwachia mtu fulana mwezi mzima, na siku ileile ya kwanza najaza fomu: inawasha, inabana, anaiogopa?

Unanijua, kuongea na mgeni kwangu ni adhabu. Na watu wana maneno. Kinyozi wa kona aliuliza kama mvua ikimkuta atakaangwa akiwa amesimama. Fundi viatu alikataa katakata, akasema siri za moyo wake hata mkewe hazijui, sembuse fulana. Nilitakiwa kupata watu kumi, nikapata tisa.

Wa kumi akawa Mama. Alisema hakunizaa ili nije nimpige shoti. Msimamizi alizitaka fomu mchana uleule, nami niliona haya kupeleka pungufu. Nikaingia chumbani, nikatoa betri, nikaificha kwenye mkebe wa sindano, kisha nikamwambia Mama ajaribu tu, haitampiga shoti. Baada ya saa moja akasema anasikia joto tamu kifuani na moyo umetulia. Nikaandika hivyohivyo. Msimamizi alifurahi mpaka akawasomea wenzake.

Yangeishia hapo, labda ningenyamaza. Lakini Mama haivui fulana ile ila kuifua. Wiki mbili sasa ameacha dawa za presha, eti za nini, na fulana haijalia hata mara moja. Jumanne hakwenda kliniki. Leo asubuhi alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji, nikamkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Akaweka kiganja kifuani, akasikiliza, akaniambia niache woga, ingekuwa hatari ingelia. Nami nikabeba ndoo tu, Dada.

Sasa amejilaza. Naandika nikiwa mlangoni pake, betri nimeishika mkononi. Akiamka namwambia.

Nimerudi kwenye barua. Nimemwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliigeuza ile betri kwenye vidole, akaomba maji, akameza dawa. Kisha akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, lile joto basi lilikuwa la nini.

Tunaondoka sasa hivi kwenda kliniki. Kesho nitamwomba msimamizi aichane ile fomu, akinifukuza na anifukuze. Mama amevaa fulana tena chini ya gauni, hivyohivyo bila betri. Anasema ana baridi.

Amenisihi wewe usijue kabisa. Kwa hiyo, Dada, ukija usiguse habari za fulana. Akikusimulia mwenyewe jinsi ilivyomtuliza, itikia tu, kama vile hukupata barua hii.

Msalimie shemeji, mtoto mbusu.

Mdogo wako,
Kimya