Jeneza Langu Linaungua na Mkwe Wangu Atafukuzwa Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kwa sababu nimeshapakwa mafuta ya wagonjwa mara mbili na padri amesema hapandi tena Tlawi kwa ajili yangu, na kinachonizuia kufa ni kifuniko cha jeneza. Mkwe wangu Severine, mume wa binti yangu Bernadina, ni seremala kwenye shamba la ngano la serikali kule Basotu, na wana mashine ya ruta iliyoletwa kuendeleza kilimo, ambayo mpaka sasa imechonga vitanda vya wakubwa tu, unaiwekea namba ya mzunguko wa kisu na namba ya mwendo wake juu ya ubao nayo inachonga yenyewe, basi akaomba ruhusa anichongee msalaba kwenye ubao wa mninga wa kifuniko hicho. Mimi nilifundisha useremala chuoni, kwa hiyo akaniuliza, "Baba, niweke namba gani?" nikamjibu, "Mzunguko juu kabisa, mwendo wa pole, na kisu usikiguse, kinajisafisha chenyewe," nikijua msalaba utatoka mweusi kama mkaa, na ukatoka hivyo, akabadilisha ubao, ukaungua tena na tena, lakini kwetu mkwe habishani na baba mkwe, akawa anasema tu, "Sawa, baba." Ukweli ni kwamba naogopa kufa, na jeneza likikamilika watoto waliokuja kuniaga watakaa kunitazama wakisubiri nife. Sasa visu vyote vya ruta ya shamba vimeungua, meneja anataka maelezo kabla mavuno hayajaisha, la sivyo Severine atafukuzwa, na Bernadina ni mjamzito. Nife kimya, au niseme?
Akonaay, Tlawi

Shikamoo, mzee Akonaay. Hapa ofisini tulicheka, kisha tukamkumbuka Bernadina, tukaacha.

Kuogopa kufa si kosa. Kumchoma mkwe wako kwa kutumia heshima anayokupa ni kosa, tena la aibu.

Mwite Severine leo. Ashushe mzunguko na kuongeza mwendo mpaka mashine iteme maranda badala ya vumbi, na achonge kina kidogo kidogo. Visu avilowanishe kwenye mafuta ya taa, asugue utomvu kwa mswaki wa zamani, avikaushe, kisha anoe upande wa ndani ulio bapa, wa nje asiuguse. Baadhi vitapona.

Halafu panda lori la ngano wewe mwenyewe, ukaseme mbele ya mafundi wote kwamba namba zilikuwa zako. Umeshinda mipako miwili, Basotu haitakushinda. Meneja akikuuliza mashine ya kilimo ilifikaje kwenye jeneza, muulize habari za kitanda chake.

Jeneza likikamilika, lifanye ghala, ulijaze maharage, ulifunike, ukae juu yake umsubiri mjukuu.